Shuka Mbili za Mzee Kesho

Ukimwambia mkulima wa eneo lile kwamba kesho kuna asilimia sabini ya mvua, atakutazama kama umemsomea barua ya mtu mwingine. Asilimia za nani? Watu wa pale wanataka kujua jambo moja tu: kesho nifanye nini? Na wa kuwaambia alikuwa mmoja, Mzee Kesho.

Jina lake halisi lilikuwepo, tena zuri tu, limeandikwa kwenye kitambulisho na kwenye daftari la ofisi kuu ya hali ya hewa. Lakini nani alikuwa na haja nalo? Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akitangaza habari za kesho kwenye redio ndogo ya wakulima, basi akawa Mzee Kesho. Wenye utani walisema ukimwomba maji ya kunywa atakwambia uje kesho. Alikuwa mrefu, mkavu, na fimbo mkononi, kwa sababu nyonga yake ya kushoto ilivunjika siku alipoanguka kwenye ngazi ya ghala. Daktari alimpiga marufuku kupanda pikipiki, na mzee akatii, ingawa alinung'unika mwaka mzima.

Kazi yake ilianzia nyuma ya ghala la chama cha wakulima. Palikuwa na kipande cha ardhi kilichozungushiwa wavu, hakizidi chumba cha kulala. Ndani yake kulikuwa na sanduku jeupe lenye miguu, la kuwekea vipimajoto, na pembeni kipima mvua cha bati. Kila siku saa tatu asubuhi, mvua, jua au msiba, Mzee Kesho alifungua mlango wa wavu, akamimina maji ya kipima mvua kwenye glasi yenye mistari, akajikunja na nyonga yake mbovu mpaka jicho lilingane na maji, akaandika. Kama hakuna maji aliandika sifuri. Watu wakimcheka kwamba amekuja kupima hewa, aliwajibu, "Sifuri nayo ni kazi. Jaribuni muone."

Jambo jingine lililowashangaza watu ni kwamba hakuwa na shamba. Mtu mzima, katika nchi ya maharage, hana hata tuta la mchicha. Alikuwa nalo zamani. Siku alipokabidhiwa kazi ya utabiri alimpa mdogo wake lile shamba lote. "Mtu mwenye shamba hana macho," alisema. "Akitaka mvua, kila wingu kwake ni mvua. Akitaka jua, hata radi ataiita mlio wa lori." Na kweli, miaka yote ile alikuwa hataki chochote kutoka mbinguni, ndiyo maana watu walimwamini.

Sasa, yale maneno yake ya redioni, ambayo hata wageni wakikaa wiki mbili huanza kuyatumia, hayakuwa yake. Yalikuwa ya marehemu mkewe. Mwaka wa kwanza wa kazi, mume anajifanya msomi, anamsomea mkewe karatasi ya ofisi kuu, asilimia hizi, nyuzi zile. Mama wa watu amesimama na beseni la nguo kiunoni, akamkata kauli: "Mume wangu, hizo hesabu zako zipelekee wenzako. Mimi niambie kama nifue au nisifue." Jioni yake Mzee akasema redioni kwamba kesho ni siku ya kufua, na eneo zima likaelewa. Tangu hapo siku ya jua la kutwa ikawa siku ya kufua. Siku ya mvua, ya kukaa ndani, ikawa siku ya kunoa majembe. Na ile siku ya mawingu isiyo na mvua wala jua, haifurahishi wala haikeri, ikawa siku ya kutembelea wakwe.

Mkewe alifariki miaka saba iliyopita. Binti yao wa pekee, muuguzi katika nchi ya mbali yenye baridi, alikuja kumzika mama yake, akakaa siku tisa, akarudi kazini. Hakuja tena. Si kwamba alimsahau baba. Kila siku wakati wa chakula, huko alikokuwa, aliifungua redio ile kwenye simu na kumsikiliza. Kisha alimpigia. "Baba, leo umesema wakwe. Nilicheka peke yangu, wenzangu wakaniuliza kuna nini." Huko huko akaolewa, akazaa mtoto wa kike, ambaye sasa alikuwa na miaka mitano na babu yake hajapata kumshika hata mkono. Alimjua kwa picha za simu. Usiniambie picha inatosha. Picha haina harufu, wala haikalii mapaja.

Basi wiki za mwisho za masika, maharage yameiva na kunyauka shambani, yanangoja tu siku mbili za jua yang'olewe, yaanikwe na kupurwa, simu ikalia nyumbani kwa Mzee Kesho.

"Baba, tuko mjini," binti akasema. "Nimeletwa semina na hospitali yangu. Mtoto niko naye."

Mzee alikaa kwenye kitanda bila kujua kama amekaa. "Mjini hapa hapa?"

"Hapa hapa. Semina inaisha kesho, Jumatano. Ndege yetu ni Ijumaa usiku. Nimepata gari la kukodi. Tukitoka Alhamisi alfajiri, saa sita mchana tuko kwako, tunalala, Ijumaa asubuhi tunageuza. Usiku mmoja tu, Baba, lakini ni usiku."

"Njooni, mama." Alimwita mama kwa sababu binti alirithi jina la bibi yake, mama mzazi wa Mzee. "Njooni hata kwa saa moja."

"Tatizo ni ile barabara."

Barabara ile kila mtu aliijua. Kutoka lami mpaka kwao ni maili ishirini za udongo mweusi. Ukavu ukiwepo ni barabara kama barabara. Ikinyesha, gari huzama mpaka milangoni na kukaa siku tatu. Basi lenyewe huingia Jumatatu na Alhamisi tu, na hata hivyo dereva huuliza kwanza.

"Simu yangu inaonyesha jua na wingu pamoja, kama mtu anayekwepa lawama," binti alisema. "Siiamini. Kesho jioni nitakusikiliza wewe. Ukisema siku ya kufua, tunakuja. Ukisema kunoa majembe, tunabaki, maana ndege ikiniacha na kazi nayo itaniacha."

Hivyo ndivyo Mzee Kesho, baada ya miaka ishirini na miwili, alivyojikuta ana shamba mbinguni.

Jumatano aliamka kabla ya jogoo. Karatasi ya ofisi kuu iliingia kwenye simu alfajiri kama kawaida, na siku hiyo ilikuwa karatasi ya ajabu: nusu kwa nusu. Mvua huenda ikanyesha Alhamisi na Ijumaa, huenda isinyeshe. Msimamizi wa kituo atumie uzoefu wake. Yaani wakubwa wamenawa mikono.

Akatumia uzoefu wake. Ukungu wa bondeni ulikuwa umeondoka mapema, kabla ya saa mbili. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka upande wa milima, mwepesi na mkavu. Saa tatu glasi ilikuwa na sifuri. Kila kitu kilisema jua, siku mbili za jua, halafu Jumamosi ndiyo mvua kubwa. Moyo ukamruka. Akarudi nyumbani akatoa sandukuni shuka mbili za maua ambazo mkewe alikuwa akiwatandikia wageni, akazifua kwa mikono yake, moja ya binti, moja ya mjukuu, akazitundika kwenye kamba iliyo kati ya ua wake na ua wa jirani. Alikuwa akiimba chini chini. Jirani mwenyewe, mjane aliyeitwa Mama Pacha kwa sababu ya wanawe mapacha, alimwona akapiga kigelegele cha utani.

"Shemeji, unaoa?" Alimwita shemeji kwa sababu alikuwa shoga wa marehemu.

"Naolewa," Mzee akajibu, wakacheka wote.

Lakini mchana ulivyozidi kwenda, hofu ikaanza kumla. Akajikalisha kwenye kigoda akajihoji kama hakimu. Wewe mzee, hilo jua umeliona, au umelitaka? Ungekuwa humngoji mtu ungesema hivyo? Nani alisema mtu mwenye shamba hana macho? Akakumbuka watu wote aliowacheka, waliokodolea wingu moja wakaapa ni mvua kwa sababu mahindi yao yana kiu. Akautazama tena ule upepo na kadiri ulivyompendeza ndivyo alivyozidi kuushuku. Na nyuma ya shaka hiyo palikuwa na watu. Eneo zima lilikuwa linangoja neno lake ling'oe maharage. Akisema kufua na mvua ikanyesha, mazao ya msimu mzima yataozea uani, kwa sababu babu mmoja alitaka kumbeba mjukuu wake.

Saa kumi na mbili jioni akafika redioni. Redio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, kuta zimebandikwa trei za mayai, kipaza sauti kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mlango wake wa mbao ulikuwa na tabia: unyevu ukija huvimba, mpaka usukumwe kwa bega. Jioni hiyo aliuachia tu, ukajifunga wenyewe taratibu.

"Mzee, umeona?" mtangazaji akasema, msichana mcheshi asiyeachana na chupa yake ya chai. "Mlango umefunga kama wa benki. Kesho jua hilo."

Mzee alijifanya hakusikia. Taa nyekundu ikawaka.

"Wasikilizaji, hamjambo. Kesho Alhamisi na keshokutwa Ijumaa," akasema, "ni siku za kunoa majembe. Msing'oe maharage. Na mwenye safari ya barabara ya udongo, aiahirishe."

Simu ililia kabla hajafika nyumbani. Alisimama njiani, fimbo kwapani.

"Nimesikia, Baba," binti akasema. Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali. "Basi tena. Nitamweleza mtoto."

"Barabara, mama. Siwezi kuwaweka kwenye tope."

"Najua. Wewe hujawahi kunidanganya."

Alilala bila kula, shuka zimebaki kwenye kamba.

Alhamisi ikapambazuka bila wingu hata la kuombea. Saa mbili jua limewaka, saa nne linachoma, saa sita vumbi la barabara nyeusi linapeperuka nyuma ya basi linaloondoka kwenda mjini. Na wewe unajua watu. Waliobaki majumbani kwa amri yake walikuwa wamenoa majembe mpaka yakawa wembe, wakayabeba mabegani kwa makusudi kupita mbele ya wavu wa ghala.

"Mzee Kesho, tumemaliza majembe. Tuanze kunoa vijiko?"

"Mvua yako imekwama wapi, Mzee, kwenye tope?"

Aliwaitikia kwa kichwa. Aliandika sifuri kwenye daftari, na ile sifuri akaitazama muda mrefu. Saa sita ile ile ndiyo gari lingekuwa linasimama mlangoni kwake. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwake yalikuja majuto peke yake.

Aliporudi nyumbani alimkuta Mama Pacha na wanawe uani, wamepiga magoti juu ya turubai kubwa, na juu ya turubai maharage yametandazwa, makavu, maganda yanapasuka yenyewe kwa jua. Ua ule peke yake katika kijiji kizima ndio ulikuwa na maharage.

"Wewe hukusikia redio?" Mzee akauliza.

"Nilisikia."

"Sasa?"

Mama Pacha akajifuta jasho kwa upande wa khanga. "Shemeji, nisamehe. Nilisikia redio, halafu nikachungulia nje nikaona shuka zako. Zimelala kwenye kamba usiku kucha. Nikajiuliza, mtu anayengoja mvua huacha shuka nje? Nikaona mdomo wako unasema jembe na mikono yako inasema kufua. Nikaifuata mikono."

Mzee Kesho aliishika shuka moja, imekauka tangu jana, ina harufu ya sabuni na jua, akaiachia. Ilimuuma kwamba jibu lilikuwa limetundikwa pale muda wote, mbele ya macho yake, na aliyelisoma ni jirani. Ilimuuma zaidi kwamba kutoka mjini kamba hiyo haionekani.

Basi lilikuwa limeshaondoka, na jingine ni Jumatatu. Pikipiki hapandi. Binti naye alikuwa ameshaliachia lile gari, limechukuliwa na abiria wengine. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni alirudi redioni, na mlango ukafunga wenyewe tena. Mtangazaji alimsalimu kwa upole mno, na upole ule ukamuuma kuliko utani wa mchana. Taa ikawaka.

"Wasikilizaji," akasema, "jana nilikosea. Si karatasi iliyokosea, ni mimi. Karatasi ilisema nusu kwa nusu. Macho yangu yaliona jua. Lakini binti yangu na mjukuu wangu walikuwa waje leo kama barabara ni kavu, na nilitamani waje, nilitamani sana, hata shuka za maua nikawafulia. Nikaona macho yangu yananiambia ninachokitaka, nikayaogopa, nikasema kinyume. Nimewanyima jua lenu kwa kudhani ni langu. Mnisamehe."

Mtangazaji aliacha kunywa chai.

"Sasa sikilizeni. Kesho Ijumaa ni siku ya kufua. Amkeni alfajiri mng'oe maharage, muyaanike, mchana kutwa myageuze, jioni myaingize ndani hata kama hamjapura. Msibakishe nje hata gunia. Jumamosi mvua inakuja, kubwa, na haitaondoka kesho yake. Hilo nimeliona jana kwa macho yale yale. Leo nayaamini."

Walimwamini? Baadhi walisonya, wakasema mzee amezeeka. Lakini alfajiri ya Ijumaa mashamba yalijaa watu, pamoja na wale waliosonya, na siku nzima turubai, mikeka na hata mapazia yalikuwa yametandazwa kila uwanja. Kwa yale majembe makali hakuna aliyelalamika.

Jioni, watu wakiingiza maharage ndani, simu ikalia.

"Tuko uwanja wa ndege, Baba." Nyuma yake palikuwa na kelele za mizigo na matangazo. "Jana tulikusikia. Tulikuwa tumekaa kitandani, mimi na yeye."

"Ungekuja ungepita," Mzee akasema. "Barabara nzima ilikuwa kavu. Nimewarudisha mimi, mlangoni."

"Baba, miaka saba nakuuliza kama unatamani nije, unaniambia kuna kazi, nisijisumbue. Jana umesema mbele ya watu wote." Sauti yake ikakatika. "Ngoja, huyu ananivuta mkono."

Ikaja sauti ndogo, ya mtu anayeshika simu karibu mno na mdomo. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mama. Marahaba sana."

"Mama anasema ulitufulia shuka za maua."

"Nimewafulia. Moja yako, moja ya mama yako."

"Ziko wapi?"

"Ziko nje, kwenye kamba."

Mtoto akafikiri. "Usizianue," akasema. "Tutakuja kuzilalia. Usizianue mpaka tuje."

"Sawa," Mzee akasema. "Sizianu..." Neno halikumalizika. Akakaa ameshika simu sikioni hata baada ya kukatwa.

Jumamosi mvua ilianza alfajiri, kubwa, ya kupiga bati bila kupumzika, na barabara nyeusi ikageuka uji kabla ya saa mbili. Eneo zima hapakuwa na punje moja ya maharage nje. Mama Pacha alisimama barazani mwake, magunia yake yamepangwa nyuma ya mlango, akamwona Mzee Kesho anatoka amevaa koti la mvua, na katikati ya nyua zao zile shuka mbili za maua zinachuruzika maji, nzito, zimeshuka mpaka karibu na ardhi.

"Shemeji," akamwita, "si wewe uliyetangaza mvua? Shuka zako zinalowa."

"Nimeziona."

"Nikuanulie?"

"Ziache, Mama Pacha," Mzee akasema. "Nimeambiwa nisizianue mpaka wenyewe waje."

Mzee Kesho alizipita zile shuka taratibu, akashika fimbo yake vizuri, akaenda kupima mvua.